Mti unajulikana kwa jani: historia ya Katanga tunayoipita kila siku



Leo tuongee historia, lakini si ile ya wafalme na magavana. Tuongee historia ya watu waliojua kusoma miti. Wengi wetu hapa Lubumbashi tunatambua jakaranda mara moja, hasa mwezi wa kumi wakati barabara zinajaa maua ya zambarau. Lakini jakaranda ni mgeni, ulitoka Amerika ya Kusini na kupandwa mjini. Tukitoka kidogo, kwa njia ya Kasenga ao ya Likasi, tukaulizwa ule mti unaitwa nani, tunajibu: "ni miti tu ya pori." Wazee wetu hawangejibu hivyo.

Pori letu linaitwa miombo. Watu wa zamani walilitofautisha kwa macho na mikono. Chukua jani la muputu: uti mmoja katikati, na vijani vinapangwa mbili mbili, jozi kama nne, zile za mwisho kubwa kuliko zingine. Mutondo nao una jozi chache. Lakini musamba una jozi nyingi sana. Wote hao wanamaliza jani kwa jozi; hakuna kijani kimoja kinachobaki peke yake kwenye ncha. Mulombwa na mukula wanafanya kinyume: jani linamaliza kwa kijani kimoja. Ukikata ganda lao, utomvu mwekundu kama damu unatoka. Mubanga nao unamaliza kwa kijani kimoja, lakini ganda lake ni laini, jeupe-jeupe, linabanduka vipande vipande. Masuku una majani makubwa, magumu, yamekusanyika mwisho wa tawi. Mupundu, geuza jani: juu kijani, chini rangi ya majivu.

Kwa nini walijifunza hayo yote? Juu ya kula na kuishi. Vinkubala havili kila mti. Kila aina ina mti wake, na mutondo unalisha zaidi ya aina moja. Bowa nyingi tunazokula na bukari zinaota kwa sababu mizizi ya miti kama muputu, mutondo na masuku inashikamana na uyoga chini ya bulongo, mmoja anamlisha mwenzake. Mama anayejua mti anajua wapi pa kuokota mvua ikianza. Kwake jina la mti lilikuwa anwani ya chakula.

Na pale ambapo miti haikuota, napo palisomwa. Vilima vya shaba vya Katanga vinaonekana kwa mbali: pori linakatika ghafla, zinabaki nyasi na maua madogo, kwa sababu shaba nyingi ndani ya bulongo inaua miti. Wayeyushaji wa shaba wa zamani walichimba vilima hivyo karne nyingi mbele ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906. Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui wa 1891 mpaka 1893, alifika akakuta mashimo yamekwisha kuchimbwa. Vitabu vingine vinasema yeye "aligundua" shaba yetu. Kusema kweli, alionyeshwa.

Mwaka 1910 mji wa Élisabethville ulianzishwa, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha. Moshi wake, ukipelekwa na upepo, uliua mimea ya upande ule miaka na miaka. Mji ulikula pori kwa kuni, kwa mbao, kisha kwa makala. Mpaka leo nyumba nyingi za Lubumbashi, mji wenye watu zaidi ya milioni 2, zinapika na makala.

Chuo kikuu kilipofunguliwa mjini katikati ya miaka ya 1950, majina ya miti yakaendelea kuandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1963 Paul Duvigneaud na Simone Denaeyer-De Smet walichapisha kazi kubwa juu ya mimea ya shaba ya Katanga. François Malaisse alifundisha hapa na kuchunguza miombo kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alitoa kitabu juu ya vyakula vya pori letu. Ua moja dogo, Haumaniastrum katangense, liliwasaidia wachimbuzi wa mambo ya kale kupata matanuru ya zamani, juu linaota pale ambapo mabaki ya shaba yalimwagwa. Kazi hizo zinaheshimika. Lakini tusisahau: nyuma ya majina mengi ya Kilatini kulikuwa na mwanakijiji aliyeonyesha mti, akataja jina, akaeleza kazi yake. Huyo mara nyingi hakuandikwa.

Sasa tufike kwa kisa cha mukula. Kuanzia miaka ya 2010, mbao zake nyekundu zilitafutwa sana na soko la China. Malori yalibeba magogo kutoka vijiji vya Haut-Katanga. Gogo halina jani, halina ua, halina tunda. Likiisha kulala juu ya lori, nani atasema ni mukula ao ni mulombwa? Ndipo jina likawa mali. Anayeandika karatasi anaweza kuita mti vile anavyotaka, na anayekagua, kama hajui ganda na mbao, anapiga muhuri tu. Mwaka 2019, mkutano wa CITES kule Geneva uliweka mukula, Pterocarpus tinctorius, kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje inadhibitiwa. Mwaka 2022, kule Panama, ulinzi huo ukapanuliwa kwa ndugu zake wote wa Afrika, mulombwa ndani. Sababu moja ni hiyo hiyo: mbao zao zinafanana mno, na jina la uongo lilikuwa mlango wa kupitia.

Ndugu, sheria inalinda mti kwa jina. Kama hakuna anayejua jina pale porini, pale barabarani na pale mpakani Kasumbalesa, sheria ni karatasi tu.

Wanaojua bado wapo. Ni bachoma makala, ambao wanajua mti gani unatoa makala magumu. Ni bamama wanaouza bowa na vinkubala. Ni waganga wanaochuna maganda. Lakini kila mwaka pori linaenda mbali zaidi na mji, na mtoto wa mchoma makala anakuja kutafuta kazi mjini. Mti ukiisha, jina linabaki kidogo mdomoni, kisha nalo linapotea.

Diploma zetu zinatupa Kilatini. Majina mengine tutayapata kwa kuuliza, tukiwa na jani mkononi. Wikendi hii, ukipita kwa mama wa bowa, nunua kwanza, kisha muulize: hizi ziliota chini ya mti gani? Andika jibu, na tarehe, na mahali. Historia ya Katanga nyingi bado haijaandikwa, na sehemu yake moja inauzwa ndani ya beseni kando ya barabara.