Ukuta Unaotazama Barabara

Panda matatu pale Kitale, kaa dirishani, teremka nayo kuelekea Webuye. Ukishapita Kiminini, halafu Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, angalia nyumba zilizo kando ya lami. Kuna kitu ukishakiona mara moja utakiona kila mahali: nyumba ya matofali iliyopigwa plasta upande mmoja tu. Mbele ina rangi ya maziwa na mstari wa kahawia chini. Ubavuni na nyuma ni tofali tupu, udongo ukichungulia katikati.

Zamani nilikuwa nikicheka. Nilisema watu wa kwetu wanavaa koti bila shati. Halafu Desemba iliyopita zamu ikafika kwetu. Kukhu, yaani nyanya yangu, anaishi Tongaren, kaunti ya Bungoma, na paa la jikoni lake linavuja. Wajukuu tukachanga kwa M-Pesa, zikapatikana shilingi 40,000 na kitu. Nikampigia simu kumwambia fundi wa mabati yuko njiani.

Akanyamaza kidogo. "Hizo pesa, haziwezi kupiga plasta pale mbele?"

Nilikasirika, sitaficha. Mama wa miaka 80 na ushei, macho yenyewe hayaoni vizuri, kutwa yuko jikoni na moshi. Ukuta wa mbele ni wa nani sasa? Anayeuona ni mpita njia, na mpita njia hajachanga hata shilingi. Lakini swali likanikaa kichwani: uzuri wa nje unamfaa nini mwenye nyumba? Nikaanza kuuliza wazee na kusoma, na nikagundua kwamba huku kwetu swali hilo limejibiwa tofauti karibu kila kizazi.

Babu zetu wa karne ya 19 wangeshangaa hata kuulizwa. Wabukusu wengi wakati huo waliishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa kuta nene za udongo. Kijiji kimoja kiliitwa lukoba. Vikiwa vingi, chingoba. Nje ya ukuta kulichimbwa handaki, na lango lilikuwa jembamba kwa makusudi. Nyumba za mviringo zilikuwa ndani, zikikaa pamoja na mifugo na maghala. Anayepita nje aliona udongo tu, basi. Na ndivyo ilivyotakiwa, kwa sababu anayepita nje angeweza kuwa mvamizi aliyekuja kuhesabu ng'ombe. Ukuta wa nje haukuwa na kazi ya kupendeza. Kazi yake ilikuwa kunyamaza.

Mwaka 1895 kuta hizo zilikutana na bunduki. Waingereza, pamoja na askari wao wa Kisudani na wapiganaji kutoka Buganda, walishambulia Lumboka, kisha Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye ya leo. Udongo haukuweza kushindana na risasi. Alama za handaki la Chetambe zipo mpaka sasa. Ukipanda huko utazikuta. Baada ya vita, kuishi nyuma ya ukuta hakukuwa na maana tena, na polepole watu wakatawanyika, kila familia kwenye boma lake.

Nyumba sasa zikaonekana kutoka mbali. Na kati ya wa kwanza kuzitazama kwa makini alikuwa mtoza kodi.

Kodi ya nyumba ililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1901. Karani alisimama nje akahesabu mapaa. Mzee mwenye wake 3, kila mke na nyumba yake kama desturi ilivyotaka, alilipa mara 3. Dawa ya watu ilikuwa rahisi: kubanana. Wanawake wawili nyumba moja, vijana wakalala kwa mzee, mapaa yakapungua. Serikali nayo haikulala. Mwaka 1910 ikatunga sheria iliyoongeza kodi ya kichwa, ili mwanamume mzima asiye na nyumba asiponyoke. Kwa karani, nyumba nzuri na nyumba mbovu zilikuwa na bei moja. Uzuri wa nje haukukupunguzia hata senti, na nyumba nyingi zilikuwa hasara.

Jicho lingine lilikuwa la mmisionari. Makwekwa kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wakafungua kituo Lugulu, hapo hapo tulipopita na matatu. Pamoja na Biblia walikuja na msumeno na kalibu ya matofali. Nyumba ya pembe nne, yenye madirisha, ikawa kama kitambulisho. Ukiiona ukiwa barabarani ulijua: hapa anakaa msomaji. Nadhani hapo ndipo ukuta wa mbele ulipoanza kusema jambo kuhusu mtu aliye ndani.

Sasa vuka uingie upande wa Kitale, maana huko hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi walimiminika Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Hebu isome tena hiyo namba. Mtu aliyepewa miaka 999 anapanda miti miwili miwili kando ya njia ya kuingilia kwake, na hana haraka ikue lini. Anapanda ua wa kayaba, anakata nyasi, anaiweka nyumba mbali kabisa na barabara, veranda ikitazama mlima Elgon. Haringi kwa mpita njia. Mandhari ni yake, na atakuwepo kesho kuyatazama.

Kwenye shamba hilo hilo, upande wa chini, aliishi mfanyakazi na familia yake. Kwa sheria ya mwaka 1918, ili akae hapo alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 ikafungua mlango wa kumdai mpaka siku 270. Kibanda alikijenga kwa mikono yake, lakini hakikuwa chake. Mkataba ukiisha, anafunga virago yeye, watoto na mbuzi wake.

Kukhu alizaliwa kwenye shamba kama hilo, karibu na Kiminini, "wakati wa vita vya Hitler." Nilimpigia tena simu, safari hii nikiwa mpole.

"Kukhu, kule kwa mzungu mlikuwa mnaipamba nyumba?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tupambe nyumba ya mzungu, kwani sisi wazimu?"

Akanieleza kwamba mama yake alisiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe kila wiki, kwa sababu watoto walilala hapo. Ndani palikuwa safi. Nje waliacha jinsi mvua ilivyoacha. Halafu siku moja akapelekwa kumsalimia nyanya yake upande wa Kimilili. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tohara, na wanawake walikuwa wamepaka kuta udongo mweupe, mwekundu chini, na mweusi wa majivu kuzunguka mlango. Kukhu alikuwa mtoto. Alidhani watu wa kule ni matajiri.

"Kumbe walikuwa maskini kama sisi," aliniambia. "Ila wao walikuwa kwao."

Mpango wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi, ule wa ekari milioni moja, ulianza mwaka 1962. Mashamba yalinunuliwa, yakakatwa vipande, na zaidi ya familia 30,000 nchini zikapata makao, nyingi kwa mkopo. Tongaren ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizogawiwa. Guka yangu alipata kipande chake, pamoja na deni lake. Kukhu akaolewa huko. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, na choo kilikuwa hakijachimbwa. Kabla ya yote akaenda mtoni, akarudi na ndoo ya udongo mweupe, akapaka ukuta wa mbele. Majirani walimcheka. Guka alinung'unika kwamba deni la serikali halilipwi kwa udongo.

"Nilitaka wanaopita wajue hapa kuna wenyewe," akasema Kukhu.

Sisemi kila ukuta mzuri una maana hiyo. Ingia mtaani Kitale utaona ploti yenye geti jipya na kabro nje, kumbe ndani wapangaji 12 wanagombania bomba moja. Ile rangi ni ya kuvuta kodi ya nyumba, na mara nyingi landilodi halali hapo. Kuna pia anayekopa kupaka nyumba kwa sababu wakwe wanakuja Jumamosi. Uongo wa kuta upo, na wengine wanaulipia kwa miezi.

Lakini hapa kwetu kuna historia ya kufukuzwa, na haikuisha na wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 zikachomwa tena upande wa mlima Elgon, ugomvi ukiwa ni mashamba ya mpango wa Chebyuk. Aliyewahi kuikimbia nyumba usiku hafikirii rangi. Kwa hiyo mtu anapoamua kuweka pesa ukutani, kitu ambacho hawezi kukibeba akikimbia, ametangaza kwamba hana mpango wa kwenda popote. Na kama pesa zinatosha ukuta mmoja tu, ataanzia wapi kama si barabarani, ambako tangazo litasomwa?

Basi fundi wa mabati nikamwambia asubiri. Akaenda wa plasta. Siku mbili kazi ikaisha, upande mmoja tu, kama zile nyumba nilizokuwa nikizicheka. Kukhu alimwambia aandike mwaka juu ya mlango kwa msumari kabla plasta haijakauka, kisha akapitisha vidole kwenye namba kuhakikisha zimeingia.

Jikoni bado kunavuja. Ameweka karai. Januari tunachanga tena.