Mtoto Joseph na Mbwa Mwenye Kichaa

Leo katika somo letu la historia hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na habari za mtu aliyemponya. Someni polepole, na penye neno gumu msione haya kurudia. Mwisho wa somo yako maswali.

Nitawaambia kwa nini nimechagua habari hii. Siku moja nilizuru darasa la watu wazima. Tulipomaliza kusoma, mzee mmoja aliinuka akaniuliza, "Bwana mwalimu, mbwa akimwuma mtoto, sisi huchoma jeraha kwa kisu cha moto, kisha tukapaka pilipili. Je, twafanya vibaya?" Nilimwambia, "Mzee wangu, keti, nikupe hadithi." Hadithi yenyewe ndiyo hii.

JERAHA NA CHUMA CHA MOTO

Huko Ufaransa, katika mji mdogo wa Arbois, mwaka 1831 mbwa mwitu mwenye kichaa alitoka msituni akauma watu wengi. Waliouumwa walipelekwa kwa mhunzi, wakachomwa majeraha kwa chuma chekundu cha moto. Mtoto mmoja wa miaka 8 aliyekaa katika mji huo hakuyasahau mambo hayo. Jina lake Louis Pasteur. Baadhi ya watu wale, ijapokuwa walichomwa, walikufa.

Basi mzee wetu asione haya. Dawa ya moto ilikuwa dawa ya Ulaya pia, na wazungu wengi walilia juu yake. Ilitumika kwa sababu haikuwako nyingine iliyo bora.

UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi. Kijidudu hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia katika jeraha. Kutoka hapo virusi hufuata mishipa ya fahamu, polepole, mpaka vifike katika ubongo.

Sikilizeni neno hilo: polepole. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Huweza kuwa wiki chache tu, na huweza kupita mwaka. Jeraha likiwa kichwani au usoni, safari ni fupi, maana ubongo u karibu. Wakati wote huo mtu hujiona mzima. Anakula, analima, anacheka. Lakini virusi vikisha kufika katika ubongo, mgonjwa hupata homa, huhangaika, koo hukaza, na akiletewa maji huyaogopa kwa sababu hawezi kumeza. Dalili hizo zikianza, karibu wagonjwa wote hufa, hata leo, na hata katika hospitali kubwa.

Kwa hiyo kuna mlango mmoja tu wa kuokokea, nao ni ule wakati kati ya kuumwa na kuanza dalili.

PASTEUR ATAFUTA DAWA

Yule mtoto wa Arbois alikua akawa mtaalamu wa kemia. Hakuwa daktari. Akaanza kuuchunguza ugonjwa huu huko Paris pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa Daktari Emile Roux. Virusi hawakuviona, maana hadubini za siku zile hazikuweza kuonyesha kitu kidogo namna ile. Lakini walijua vimo katika ubongo na katika uti wa mgongo wa mnyama aliyekufa kwa kichaa.

Wakachukua uti wa mgongo wa sungura mgonjwa, wakautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kila siku iliyopita, nguvu ya ugonjwa ilipungua, na baada ya siku 14 ilikuwa imekwisha. Wakawadunga mbwa sindano, wakianza na dawa iliyokauka sana, kisha yenye nguvu kidogo zaidi, na kuendelea hivyo. Mwili wa mbwa ukajifunza kupigana na ugonjwa. Mbwa wale walipotiwa kichaa chenyewe, hawakuugua.

Pasteur akafikiri: kwa kuwa virusi husafiri polepole, je, hatuwezi kumchanja mtu baada ya kuumwa, ili mwili uwe tayari kabla virusi havijafika? Lakini aliogopa kumjaribia mtu.

MTOTO JOSEPH MEISTER

Tarehe 4 Julai 1885, mtoto Joseph Meister wa nchi ya Alsace alirukiwa na mbwa akiwa njiani. Alikuwa na majeraha 14, miguuni na mikononi. Mama yake alisikia kwamba yuko mtu Paris anayechunguza kichaa cha mbwa. Hakungoja. Alimchukua mwanawe, na tarehe 6 Julai wakafika mlangoni kwa Pasteur.

Pasteur aliwaita madaktari wawili, Vulpian na Grancher. Walimtazama mtoto wakasema kwamba kwa majeraha yale, asipotibiwa huenda atakufa. Jioni ile ile Daktari Grancher akamdunga sindano ya kwanza. Kwa siku kumi hivi Joseph alidungwa sindano 13. Pasteur alikosa usingizi kwa hofu. Lakini siku zikapita, wiki zikapita, na mtoto hakuugua. Joseph alikua, akawa baba wa watoto, na baadaye akafanya kazi ya bawabu katika Taasisi ya Pasteur huko Paris, iliyofunguliwa mwaka 1888.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule aliletwa mchunga kondoo wa miaka 15, Jean-Baptiste Jupille, aliyepigana na mbwa mwenye kichaa ili awaokoe watoto wadogo. Zilikuwa zimepita siku sita tangu aumwe. Naye alipona.

MTOTO LOUISE PELLETIER

Sasa sikilizeni habari ya huzuni. Louise Pelletier alikuwa msichana wa miaka 10. Aliumwa kichwani tarehe 3 Oktoba 1885. Wazazi wake walimleta kwa Pasteur tarehe 9 Novemba. Hesabuni wenyewe: ni siku 37. Jeraha lilikuwa kichwani, na siku nyingi zilikuwa zimekwisha kupita. Pasteur alijua kwamba wamechelewa, na kwamba mtoto akifa watu watailaumu dawa. Hata hivyo hakuweza kuwafukuza wazazi. Alimtibu. Mapema mwezi wa Desemba Louise akafa.

Ufikapo Machi 1886, watu 350 walikuwa wamekwisha kutibiwa, na Pasteur alitangaza kwamba aliyekufa ni mmoja tu, Louise. Mwezi huo walifika watu 19 kutoka Smolensk, Urusi, walioumwa na mbwa mwitu. Walikuwa wamesafiri siku nyingi, na majeraha yao yalikuwa mabaya mno. Kati yao 16 walipona, watatu wakafa.

Twajifunza nini? Joseph na Louise walipewa dawa ya namna moja, na mkono ule ule uliwatunza. Lakini mmoja alifika siku ya pili, na mwingine siku ya 37.

SISI NA SISI

Leo dawa ni bora kuliko ile ya Pasteur. Haitengenezwi tena kwa uti wa sungura, wala haidungwi tumboni. Hudungwa begani, mara chache tu, kwa siku anazotaja daktari. Wako watu wanaoogopa kwenda hospitali kwa sababu babu zao waliwasimulia habari za sindano nyingi za tumbo. Waambieni kwamba hayo yamepita.

Lakini ugonjwa haujapita. Inakadiriwa kwamba duniani watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu wanne ni watoto.

Basi mbwa akiuma, fanyeni hivi:

1. Osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Kama bomba hakuna, mtu mmoja amimine maji kwa kata, mwingine aoshe. Sabuni huua virusi vingi kabla havijaanza safari.

2. Kama iko dawa ya iodini au spiriti, pakeni. Msipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala majani. Msichome kwa moto, wala msishone jeraha nyumbani.

3. Damu ikitoka kwa nguvu, bonyezeni kwa kitambaa safi hata ipungue.

4. Nendeni hospitali au zahanati siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama ni mkwaruzo wa jino uliotoa damu, au mbwa ameramba kidonda. Jeraha la kichwa, la uso, la shingo au la mkono lisingojee hata saa moja. Jeraha baya huhitaji pia dawa nyingine, ya kinga, inayodungwa ndani ya jeraha lenyewe. Daktari ataangalia na hatari ya pepopunda.

5. Mbwa akijulikana, afungwe na atazamwe kwa siku 10. Lakini mgonjwa asikae nyumbani akingoja siku hizo ziishe. Aanze sindano, na daktari ndiye atakayesema kama zinaweza kukomeshwa.

6. Malizeni sindano zote. Anayeacha katikati amejenga nyumba bila paa.

Na kabla ya yote, chanjeni mbwa wenu. Kisiwani Pemba walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, na kufika 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mwaka 2016 uliingia tena, wakachanja tena, na mwaka 2018 wakaufukuza mara ya pili.

Yule mzee aliposikia habari hii alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kisu nikiache, nichukue sabuni?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Na ukimaliza kuosha, uchukue njia ya hospitali."

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Arbois walichomwa majeraha kwa chuma?
2. Virusi hupita njia gani kufika katika ubongo?
3. Joseph alifika kwa Pasteur baada ya siku ngapi? Na Louise?
4. Kwa nini jeraha la kichwani ni la hatari zaidi?
5. Andika sentensi tatu kumweleza jirani yako jambo la kwanza la kufanya mtoto akiumwa na mbwa. Kisha umsomee.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.