Kadi za Chipu: Sababu za Kuachana na Utepe wa Sumaku na Wajibu wa Mwenye Akaunti

Kadi ya benki aliyonayo mkulima wa kahawa wilayani Muleba, au mfanyabiashara wa kata ya Bilele katika Manispaa ya Bukoba, kwa kawaida inaweza kusomwa kwa njia mbili. Nyuma yake kuna utepe mweusi wa sumaku, na mbele kuna kibamba kidogo chenye rangi ya dhahabu au fedha, yaani chipu. Njia zote mbili huifikia akaunti ileile, lakini haziilindi kwa kiwango kimoja. Tofauti hiyo ndiyo iliyozisukuma taasisi za fedha nchini na duniani kuhama kutoka kwenye utepe kwenda kwenye chipu.

Suala hili lina uzito wa pekee mkoani Kagera. Malipo ya kahawa inayouzwa kupitia Vyama vya Ushirika vya Msingi (AMCOS) hupitishwa kwenye akaunti za benki, hivyo kipato cha msimu mzima huweza kuingia kwa mkupuo mmoja. Kwa mkazi wa kisiwa cha Goziba au Bumbire, kufika benki ni safari ya maji kwanza. Kadi yake ikinakiliwa, fedha zinaweza kutolewa mbali na alipo kabla hajapata habari, na kinachopotea ni ada ya shule, matibabu au mtaji wa msimu unaofuata.

Udhaifu wa utepe wa sumaku

Utepe wa sumaku kwenye kadi ni teknolojia ya miaka ya 1960. Mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, Forrest Parry, alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha kipande cha utepe na kadi ya plastiki, na pasi ya nyumbani ndiyo iliyofanikisha kazi hiyo. Ugunduzi huo uliwezesha mashine kuitambua kadi kwa sekunde chache, na baadaye ukawa msingi wa mashine za kutolea fedha, maarufu kama ATM.

Udhaifu wake ni kwamba taarifa zilizomo hazibadiliki. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba za uhakiki husomwa zilezile kila kadi inapopitishwa. Mhalifu akibandika kifaa cha kunakili kwenye mdomo wa ATM, au mhudumu asiye mwaminifu akiipitisha kadi kwenye kifaa kingine, taarifa hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye kadi bandia. Kamera ndogo iliyofichwa juu ya vitufe ikinasa na namba ya siri, mhalifu huwa amekamilisha mahitaji yake, ilhali kadi halisi bado iko mfukoni mwa mwenyewe.

Namna chipu inavyofanya kazi

Chipu ni kompyuta ndogo. Ndani yake umehifadhiwa ufunguo wa siri ambao hautoki nje ya kadi. Kila muamala unapofanyika, chipu hutumia ufunguo huo kutengeneza alama ya uthibitisho inayohusu muamala huo peke yake, na benki huihakiki kabla ya kuidhinisha malipo. Atakayeinasa alama hiyo leo hawezi kuitumia kesho, kwa kuwa benki itaikataa. Kwa sababu hiyo, kutengeneza nakala ya chipu inayofanya kazi ni jambo gumu mno.

Kiwango kinachotumika duniani kwa kadi hizi huitwa EMV, herufi zinazotokana na majina ya Europay, Mastercard na Visa, kampuni zilizoanza kukiandaa katika miaka ya 1990. Ufaransa ilitangulia kutumia kadi za chipu katika benki zake. Uingereza ilifanya matumizi ya chipu na namba ya siri kuwa utaratibu wa kawaida madukani kuanzia tarehe 14 Februari, 2006.

Marekani ilichelewa. Kuanzia Oktoba 1, 2015, kampuni za kadi ziliweka kanuni kwamba hasara ya kadi bandia itabebwa na upande ambao haujaweka teknolojia ya chipu. Visa ilieleza kuwa kwa wafanyabiashara waliokamilisha mabadiliko hayo, thamani ya wizi wa kadi bandia ilishuka kwa asilimia 76 mwezi Desemba 2018 ikilinganishwa na Septemba 2015. Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kuwa ifikapo mwaka 2033 hakutakuwa na kadi yake yoyote yenye utepe wa sumaku.

Pale kinga inapolegea

Hadi wakati huo, kadi nyingi zitaendelea kuwa na chipu na utepe kwa pamoja, na hapo ndipo penye hatari. Kadi ya chipu ikipitishwa kwa utepe, muamala hurejea kwenye ulinzi wa zamani. Mashine za kisasa hutambua kuwa kadi ina chipu na hudai iingizwe, lakini mashine ya zamani, au chipu iliyochafuka au kukwaruzwa, inaweza kusababisha kadi kusomwa kwa utepe.

Aidha, chipu haizuii kila aina ya wizi. Haimlindi mtu aliyemtajia mwingine namba yake ya siri, wala haihusiki na ununuzi wa mtandaoni, ambako namba za kadi na tarakimu tatu za nyuma zinaweza kutosha kukamilisha malipo. Katika nchi nyingi zilizokamilisha mabadiliko haya, wahalifu wamehamia huko.

Wajibu wa mwenye kadi

Mwananchi ambaye kadi yake haina chipu anashauriwa kufika katika tawi la benki yake akiwa na kitambulisho ili abadilishiwe. Aulize mapema gharama ya kadi mpya na muda wa kuipata, hasa anayetoka mbali.

Anapolipa dukani au hotelini, kadi isiondoke machoni pake, na iingizwe kwenye mashine badala ya kupitishwa. Mashine ikikataa chipu, ni salama zaidi kutumia njia nyingine ya malipo. Kwenye ATM, akague kama mdomo wa mashine umelegea au umeongezewa kitu, na aweke kiganja juu ya vitufe anapoandika namba ya siri. Namba hiyo isiandikwe kwenye kadi, wala asipewe mtu anayejitolea kusaidia foleni.

Kujiunga na huduma ya ujumbe mfupi wa taarifa za miamala ni kinga muhimu. Ujumbe wa muamala usioutambua ukiingia, hatua ya kwanza ni kuitaka benki ifunge kadi mara moja, kisha kutoa taarifa polisi.

Sheria na malalamiko

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa Benki Kuu ya Tanzania jukumu la kusimamia mifumo ya malipo nchini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inafanya udanganyifu unaohusisha kompyuta kuwa kosa la jinai. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinampa mteja haki ya kulalamika na kujibiwa.

Malalamiko huanzia katika benki husika. Mteja ayawasilishe kwa maandishi, ataje tarehe, kiasi na mahali muamala ulipofanyika, na abaki na nakala. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi jijini Mwanza. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazoonesha iwapo kadi ilisomwa kwa chipu au kwa utepe, jambo lenye uzito katika kubaini nani anapaswa kubeba hasara.