Unga na Wino: Asili ya Printa Mbili

Katika maduka ya kuchapa barua mjini Voi, mtu aweza kuona printa mbili juu ya meza moja, zenye umbo lililokaribiana. Lakini asili yazo si moja, na asiyezijua huenda akapoteza fedha.

Printa ya leza ilitokana na unga. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko New York, Chester Carlson alimwagia unga bamba lenye umeme, akapata nakala ya maandishi pasipo wino wa maji. Mwaka 1969 Gary Starkweather, wa kampuni ya Xerox, alianza kutumia mwanga wa leza kuandika. Mwanga huchora, unga hunata, kisha joto huuyeyusha juu ya karatasi.

Printa ya wino ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1977 Ichiro Endo, wa kampuni ya Canon, alipogusa sindano yenye wino kwa chuma cha moto, wino uliruka. Ndipo zikazaliwa mashine zirushazo matone madogo kwa joto.

Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard iliuza zote mbili: ya wino kwa dola 495, ya leza kwa dola 3,495. Tangu hapo bei ya leza imeshuka sana, hata shule ndogo yaweza kuinunua.

Basi zitatambulikanaje? Karatasi itokayo katika leza huwa na joto. Tena, tone la maji likiiangukia, herufi zake hazitoki. Za wino mara nyingi hutawanyika.

Katika ukame wa Voi, wino huganda ndani ya matundu membamba mashine ikikaa likizo nzima bila kazi. Unga haukauki, kwa kuwa ni mkavu tangu mwanzo. Lakini duka lichapalo picha za rangi kila siku litafaidika na printa ya wino yenye matangi, maana wino wake ni rahisi.

Fedha ya shule ni jasho la wazazi walimao mboga Wundanyi na ndizi Taveta. Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiulizwa shauri, usitazame bei ya mashine peke yake. Hesabu gharama ya kila ukurasa, na siku ambazo mashine italala.