Heinkel 113 na Chimbuko la Watambuzi wa Ndege Uingereza

Uraibu wa kutambua ndege adimu kwa kuchunguza picha zake una mizizi mirefu nchini Uingereza, ambako Fred T. Jane alichapisha mwaka 1909 toleo la kwanza la kitabu chake cha kuorodhesha vyombo vya anga vya dunia nzima. Lakini kilichoupa kanuni ni Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, marubani wa Spitfire waliziangusha Hurricane mbili za jeshi lao wenyewe wakidhani ni za adui, na rubani mmoja akafa.

Ulinzi wa macho ulikuwa mikononi mwa Observer Corps, kikosi cha watazamaji wa anga kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho raia wake waliripoti kwa simu kila ndege iliyopita. Hawa walijifunza kwa picha za kivuli, yaani michoro iliyojazwa weusi mtupu ili rangi na alama zisimshughulishe mtazamaji, abaki na umbo peke yake: bawa limekaa juu au chini ya kiwiliwili, ncha yake ni ya mviringo au imekatwa, mkia una usukani mmoja au miwili. Januari 1941 likaanza kutoka jarida la The Aeroplane Spotter, chini ya uhariri wa Peter Masefield, na vijana wa shule wakawa wajuzi wa mambo ambayo hapo awali yalikuwa ya wahandisi.

Busara ya kuziepuka alama ilithibitishwa na kisa cha Heinkel 113. Mwaka 1940 Wajerumani walisambaza picha za ndege mpya ya kivita, zikionyesha vikosi mbalimbali vyenye nembo tofauti, na marubani wa Uingereza wakaanza kuripoti kwamba wamepambana nayo angani. Ndege hiyo haikuwapo. Zilizopigwa picha ni Heinkel 100 chache, aina ambayo mwaka 1939 ilivunja rekodi ya kasi ya dunia lakini haikupokewa na jeshi, zikipakwa nembo moja leo na nyingine kesho. Bila shaka waliodai kuiona walikuwa wameona Messerschmitt 109 ya kawaida. Lililowapotosha si picha yenyewe, maana umbo lililomo lilikuwa la kweli. Ni maelezo yaliyoandamana nayo.

Kinyume cha kisa hicho ni kazi ya Constance Babington Smith, mwandishi wa zamani wa jarida la usafiri wa anga, aliyeongoza sehemu ya kuchunguza ndege za adui katika kituo cha Medmenham. Huko picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kwa kufuatana kutoka angani, ziliwekwa chini ya stirioskopu, kifaa chenye lenzi mbili kinachofanya vitu vya pichani vionekane vimeinuka, kisha urefu wa mabawa ukakokotolewa kwa kipimo cha picha. Mwishoni mwa 1943, alipokuwa akichunguza picha za Peenemünde, kituo cha Wajerumani cha kujaribia silaha, alikuta msalaba mdogo sana ambao vipimo viliupa mabawa ya takriban mita 6, mafupi mno kwa ndege ya kivita ya kawaida, naye hakuupuuza kuwa doa la filamu. Ilikuwa V-1, bomu lenye mabawa ambalo lilianza kuishambulia London Juni 1944.

Vita vilipokwisha, uraibu haukukosa mafumbo. The Aeroplane Spotter lilifungwa mwaka 1948, na mwaka huohuo chama cha Air-Britain kikaundwa, huku macho yakielekea Muungano wa Kisovieti, uliozionyesha ndege zake katika maonyesho ya Tushino bila kutangaza mengi juu yake. Nchi za Magharibi zilizipa majina ya kupanga, yenye kuanza na F kwa ndege za kivita na B kwa za mabomu, na hivyo watambuzi wengi waliifahamu Bear kwa mabawa yake yaliyoelekea nyuma na rafadha zake maradufu kabla ya kuzoea kuiita Tupolev 95.