Matisse alivyomsoma Ronsard kwa michoro

Mwaka 1948 mchapishaji Albert Skira alitoa mjini Paris kitabu cha mashairi ya mapenzi ya Pierre de Ronsard, mshairi wa Kifaransa wa karne ya 16, chenye litografia 126 za Henri Matisse. Zilichapwa nakala 320 tu, na ni rahisi kukihesabu kuwa pambo la kabati za matajiri. Lakini historia yake yaonyesha kwamba Matisse alikuwa msomaji kabla ya kuwa mrembeshaji. Aliianza kazi hiyo mwaka 1941, alipokuwa akijiuguza baada ya kupasuliwa tumbo huko Lyon akiwa na miaka 71, na mashairi aliyachagua mwenyewe. Ronsard ameacha mengi, tangu diwani ya 1552 aliyomwimbia mwanamke aitwaye Cassandre hadi soneti za 1578 alizomwimbia mwingine, Hélène. Kuamua lipi liingie na lipi liachwe tayari ni uhakiki.

Michoro yenyewe yathibitisha hilo. Uso wa mwanamke hutokea kwa mistari michache ya rangi ya kahawia nyekundu: macho, pua, midomo, basi, hakuna kivuli, na sehemu kubwa ya karatasi hubaki nyeupe. Pengine ni ua tu, au wapenzi waliokumbatiana. Matisse hasimulii upya kile ambacho shairi limekwisha kukisema. Katika makala yake ya 1946 alieleza kwamba kwake kuunda kitabu na kuunda mchoro wa rangi ni kazi ya namna moja, ndiyo maana herufi, picha na nafasi tupu hupimwa kwa pamoja. Anayelalamika kwamba picha humfunga msomaji mawazo ana haki mbele ya picha zinazomaliza kila kitu; hizi humwachia kazi ya kujaza.

Lipo pingamizi zito zaidi: kuchora wapenzi na maua wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani ni kukwepa ukweli. Lakini vita havikumpita Matisse. Mwaka 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walimkamata mkewe na bintiye. Tena Ronsard naye alizitoa soneti za Hélène nchi yake ikiwa katikati ya vita vya Wakatoliki na Waprotestanti vilivyoanza 1562, naye akiwa mtu mzima anayeuona uzee ukimjia. Mapenzi katika mashairi yake hayaachani na wakati upitao wala kifo. Mzee mgonjwa aliyeyachagua katika miaka hiyo alikuwa ameyaelewa vizuri. Suala la uchache wa nakala halina utetezi, kwani nakala 320 haziwezi kuwafikia wasomaji wengi. Hata hivyo, uchache huo ni kasoro ya biashara ya vitabu, si ya usomaji uliomo ndani yake, na kwa usomaji huo Matisse anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wahakiki wa Ronsard.