Kura yetu ya Dubai ilianzia London

 

Juzi Mjomba aliniuliza kwenye simu, "Nyinyi mlioko Uarabuni, siasa za Kenya zawahusu nini?" Nilicheka, lakini swali halikunitoka. Basi Mjomba, jibu lako hili hapa.

Juni 1982 Bunge liliifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Mwaka huo huo Wakenya waliokuwa London, pamoja na marafiki zao, waliunda kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Alikuwemo Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwemo pia Abdilatif Abdalla wetu wa Mombasa, aliyekwisha kufungwa miaka 3 kwa kuandika "Kenya: Twendapi?" Mwaka 1987 makundi ya Wakenya wa ng'ambo yakaungana London, yakajiita Umoja, yakidai demokrasia. Silaha yao kubwa ilikuwa kalamu.

Anayenigusa zaidi ni Wanjiru Kihoro. Mumewe, Wanyiri, alikamatwa Kenya mwaka 1986, akateswa Nyayo House, akawekwa kizuizini hadi 1989. Yeye alikuwa London, akipiga kelele ili mumewe na wenzake wasisahauliwe. Vyama vingi vikarudi kisheria Desemba 1991, na KANU ikaondoka madarakani Desemba 2002. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 2003, ndege aliyopanda ilianguka Busia. Alilala bila fahamu karibu miaka 4, akafariki 2006. Mimi ni nesi, najua kazi ya kumgeuza mgonjwa kama huyo kila baada ya saa mbili. Kenya aliyoipigania hakupata kuishi ndani yake.

Sisemi watu wa London ndio walioleta mabadiliko peke yao. Waliopigwa virungu Saba Saba 1990 walikuwa nyumbani. Lakini aliye gerezani huhitaji mtu wa kumsemea nje.

Katiba ya 2010 ikatambua kura ya Mkenya aliye ng'ambo, na Agosti 2022 ndiyo mara ya kwanza sisi wa Falme za Kiarabu kupiga kura huku huku. Ya rais tu, nyingine hapana. Katika nchi zote 12 tulijiandikisha watu 10,443 tu! Mimi nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja kupanga foleni, miguu imevimba, nikimfikiria Wanjiru.

Ndiyo hivyo Mjomba, zatuhusu. Nisalimieni Nyanya, mwambieni dawa za presha asiruke hata siku moja.